Zamu za wodini na masomo ya uzamili: mwongozo kamili wa kupanga muda kwa muuguzi anayesoma akiwa kazini

Muuguzi anayeanza shahada ya uzamili bila kuacha kazi huuliza kwanza atapata wapi muda wa kusoma, na jibu linalomjia haraka ni kupunguza usingizi. Wiki tatu za mwanzo mambo huenda. Kufikia wiki ya sita kazi za chuo zinachelewa, makala anaisoma mara tatu bila kuielewa, na mtu huyohuyo ndiye anayepima dozi ya insulini saa kumi alfajiri. Mwongozo huu unaenda kinyume cha hapo. Usingizi unaandikwa kwanza kwenye ratiba, zamu zinafuata, kozi zinapewa kilichobaki. Kilichobaki kisipotosha, tunapunguza kozi au zamu. Usingizi hauguswi, kwa sababu mgonjwa ndiye atakayelipa deni hilo.

Hatua ya kwanza: hesabu saa zako kabla ya kujisajili

Wiki ina saa 168. Chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo kweli, si ile unayoitamani.

Anza na zamu. Zamu ya saa 12 haiishi ndani ya saa 12. Ongeza kufika mapema, makabidhiano na kumalizia kuandika mafaili, unapata saa 13. Ukiwa na safari ya dakika 45 kwenda na nyingine 45 kurudi, zamu moja inakula saa 14 na nusu. Zamu tatu ni saa 43.5. Usingizi wa saa 7 na nusu kwa siku saba ni 52.5. Kula, kuoga, kupika na kufua, tuseme saa 3 kwa siku, ni 21. Familia, ibada na shughuli za watu, saa 2 na nusu kwa siku, ni 17.5. Jumla inafika 134.5, na zinabaki 33.5.

Usizipangie zote. Ondoa moja ya tano kwa ajili ya mtoto kuugua, umeme kukatika na zamu iliyochelewa kuisha. Unabaki na saa 27 hivi za masomo, na hiyo ndiyo namba yako.

Anayefanya kazi siku tano za saa 8 hupata picha tofauti. Kila siku humchukua kama saa 10 pamoja na safari na makabidhiano, yaani 50 kwa wiki. Kwa makadirio yaleyale ya nyumbani anabaki na saa 27, na akiondoa moja ya tano ni takriban 21 au 22. Watu wengi hushangaa kuona zamu ndefu zinaacha nafasi kubwa zaidi. Sababu ni mbili: zamu tatu za saa 12 ni saa 36 badala ya 40, na safari na makabidhiano hulipwa mara tatu badala ya mara tano.

Sasa pima uzito wa kozi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa neno "krediti" halina maana moja. Katika mfumo wa Marekani, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 1 darasani na angalau saa 2 nje ya darasa kila wiki, kwa muhula wa wiki kama 15. Kozi ya krediti 3 ni saa 9 kwa wiki, na katika ngazi ya uzamili ni salama kuihesabu hadi 12. Katika mfumo wa Ulaya wa ECTS, krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote kwa jumla. Uingereza na nchi kadhaa nyingine huhesabu krediti moja kuwa saa 10. Kwa hiyo kozi ya krediti 20 katika mfumo huo ni saa 200, na ikibanwa ndani ya wiki 12 ni karibu saa 17 kwa wiki.

Mwenye saa 27 anaweza kubeba kozi mbili za saa 9 hadi 12. Tatu zinamaliza saa zote 27 hata zikiwa za saa 9, na zikifika 12 haziingii kabisa. Mwenye saa 21 achukue moja nzito, au moja nzito na moja nyepesi sana. Namba ikikataa, iamini. Inauma kumaliza shahada kwa miaka mitatu badala ya miwili, lakini kurudia kozi iliyofeliwa kunachukua muda uleule na kunalipiwa ada mara mbili.

Hatua ya pili: soma programu ukiwa na rosta (ratiba ya zamu) mkononi

Kabla ya kulipa ada, uliza chuo mambo haya na uyapate kwa maandishi: vipindi vya lazima ni siku gani na saa ngapi, vya mtandaoni ni vya moja kwa moja au vimerekodiwa, ni mara ngapi unaruhusiwa kukosa, mafunzo kwa vitendo yanadai saa ngapi na nani anatafuta kituo, tarehe ya mwisho ya kuacha kozi bila kuandikiwa kufeli ni ipi, na unaweza kuahirisha muhula mara ngapi. Maneno "programu rafiki kwa wafanyakazi" kwenye tangazo hayakuhakikishii lolote kati ya hayo.

Kisha tazama mpangilio wa kozi. Patofisiolojia ya juu (jinsi ugonjwa unavyovuruga kazi za mwili), famakolojia ya juu (elimu ya dawa) na takwimu ni kozi zinazodai akili iliyopumzika, kwa sababu kila wiki inajengwa juu ya iliyotangulia. Ukikosa wiki mbili za takwimu, ya tatu huielewi kabisa. Nadharia za uuguzi, uongozi na sera zina usomaji mwingi, lakini unaweza kuzisoma kwa vipande. Usiweke kozi mbili za kundi la kwanza katika muhula mmoja. Na muhula wenye famakolojia usiwe ndio unaohamia wodi mpya au kupokea cheo kipya.

Hatua ya tatu: kaa na msimamizi wa wodi mapema

Mwendee wiki 8 hadi 10 kabla ya muhula kuanza, maana rosta nyingi hutengenezwa wiki 4 hadi 6 mbele. Ukienda baada ya rosta kutoka, unamwomba abomoe kazi aliyokwisha kuimaliza, na wenzako ndio watakaojaza pengo.

Usiende mikono mitupu. Andaa ukurasa mmoja wenye kalenda ya muhula, wiki kwa wiki: siku za vipindi, wiki za mitihani, tarehe za kuwasilisha kazi kubwa. Chini yake andika unachoomba na unachotoa. Kwa mfano:

"Naomba zamu zangu za usiku zikusanywe katika wiki ya 2, 5, 9 na 12. Jumamosi asubuhi nina kipindi cha lazima, kwa hiyo naomba nisiwe zamu ya usiku Ijumaa. Wiki ya 7 na ya 15 nina mitihani. Naomba zamu za mchana tu. Kwa upande wangu nitachukua zamu ya Jumapili kila wiki mbili, na nipo tayari kufanya kazi sikukuu zote zilizo nje ya wiki za mitihani."

Ombi la namna hii msimamizi anaweza kulitendea kazi. "Naomba unifikirie, ninasoma" halimsaidii, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani, kwa sababu halimwambii aandike nini kwenye rosta. Sehemu ya unachotoa ni muhimu vilevile. Wenzako wanaona kila kitu, na muuguzi anayepata Jumamosi zote bila kurudisha chochote hukosa mtu wa kubadilishana naye siku ya shida.

Uliza pia kama kuna mkataba wa saa pungufu, zamu za wikiendi pekee, au likizo ya masomo. Kabla ya kupunguza saa, hakikisha hujashuka chini ya kiwango kinacholinda bima yako ya afya na michango ya uzeeni. Na kama mwajiri anakulipia ada, soma masharti yake mstari kwa mstari: alama ya chini inayotakiwa, miaka ya kumtumikia baada ya kuhitimu, na kiasi utakachorudisha ukiacha kazi au kozi katikati.

Hatua ya nne: jenga rosta inayosomeka

Rosta mbaya kwa mwanafunzi ni ile inayochanganya. Mchana, usiku, mapumziko, mchana tena, yote ndani ya wiki moja: kwa jumla saa ni zilezile, lakini mwili haujui ulale lini, na kila mabadiliko yanaua siku nzima ya kusoma. Fuata kanuni hizi.

Zamu za usiku zikae pamoja, mbili au tatu mfululizo, si moja moja. Usiku mmoja uliosimama peke yake unaharibu siku mbili, wa kwanza kwa kujiandaa na wa pili kwa kujirudisha. Usiku tatu za pamoja zinaharibu siku hizohizo mbili tu. Ukizidisha zaidi ya tatu, hasa za saa 12, deni la usingizi linazidi faida.

Kati ya zamu na zamu pawe na saa 11 kamili. Hicho ndicho kiwango cha chini cha mapumziko ya kila siku katika sheria ya muda wa kazi ya Umoja wa Ulaya, na ni kipimo kizuri popote ulipo. Kutoka jioni na kurudi asubuhi inayofuata huonekana kama njia ya kubana zamu ili upate siku nyingi za ofu. Lakini ukitoa safari, chakula na kuoga, usingizi unaobaki ni saa 5 au 6.

Zamu isivuke saa 12. Utafiti wa Ann Rogers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 nchini Marekani, uliwafuatilia wauguzi wa hospitali na kukuta kwamba uwezekano wa kufanya kosa uliongezeka mara tatu kwa zamu zilizofika saa 12 na nusu au zaidi. Kwa hiyo nusu saa unayobaki "kumsaidia mwenzako" si ndogo, hasa ukiwa na kipindi jioni ileile.

Saa 48 kabla ya mtihani kusiwe na zamu ya usiku. Kama haiwezekani, usiku wa mwisho uishe angalau asubuhi ya siku moja kabla, ili ulale usiku mmoja mzima ukiwa nyumbani.

Kubadilishana zamu kunaokoa, ila kuna mtego wake. Mtu anabadilisha Alhamisi kwa Jumapili, anafurahi, halafu anagundua ametengeneza zamu tano mfululizo. Kila unapobadilisha, tazama siku tatu kabla na siku tatu baada ya zamu mpya. Badilishana na mwenye ujuzi unaolingana na wako, mabadiliko yaandikwe na msimamizi ayaidhinishe, na usidaiwe zaidi ya zamu mbili kwa wakati mmoja.

Na saa za ziada: weka kanuni yako kabla simu haijalia. Simu ya kuombwa zamu huja umechoka, kutoka kwa mtu unayemheshimu, na wodi kweli ina upungufu. Ukianza kufikiri wakati huo, utakubali. Kanuni inayofanya kazi kwa wengi ni zamu moja ya ziada kwa mwezi, na hakuna kabisa katika wiki za mitihani. Jibu likae tayari: "Wiki hii siwezi. Wiki ijayo naweza Jumanne mchana."

Hatua ya tano: linda usingizi wa zamu za usiku

Mwaka 1997 Dawson na Reid walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayomhusu moja kwa moja muuguzi anayesoma. Kukaa macho saa 17 kulishusha utendaji wa akili na mikono hadi kiwango cha mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na kukaa macho saa 24 kulikaribia asilimia 0.10. Sasa mfikirie aliyeamka saa tisa alasiri, akafanya zamu ya usiku, kisha akaingia darasani hadi saa sita mchana. Amekaa macho saa 21. Kipindi hicho hakikumbuki, na bado hajaendesha gari kurudi nyumbani.

Usiku wa kwanza: amka bila haraka asubuhi, halafu lala tena mchana kwa dakika 90, ili uingie kazini ukiwa umekaa macho saa chache. Dakika 90 zinatosha mzunguko mmoja wa usingizi, na ni rahisi kuamka mwishoni mwake kuliko katikati.

Wakati wa zamu, mwili huzama kabisa kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu za dozi na bomba za dawa za mishipa zinazoangukia hapo zikaguliwe na watu wawili hata kama utaratibu haulazimishi. Kama hospitali inaruhusu kulala wakati wa mapumziko, lala dakika 20 hadi 30 kabla ya saa kumi alfajiri, na ukiamka jipe dakika 15 kabla ya kugusa dawa, kwa sababu uzito wa usingizi huchukua muda kutoka kichwani.

Kafeini hubaki mwilini muda mrefu. Baada ya saa 5 hivi nusu yake bado ipo. Ukipanga kulala saa tatu asubuhi, kikombe cha mwisho kisipite saa tisa usiku. Wengi hufanya kinyume, hunywa kahawa saa kumi na moja alfajiri ili wamalize zamu, kisha wanageuka kitandani hadi saa tano.

Nyumbani chumba kiwe giza kweli. Pazia jepesi halitoshi. Weka kitambaa kizito au vaa kitambaa cha macho. Simu iwe kimya, isipokuwa namba mbili za dharura. Watu wa nyumbani waambiwe saa, si "baadaye": "nitaamka saa kumi jioni, mlango ukifungwa msigonge." Lililo gumu hapa si kelele, ni majirani na ndugu kuamini kwamba mtu aliyelala mchana yupo tu.

Asubuhi ya mwisho lala saa 3 hadi 4 tu, amka kama saa saba mchana, toka nje kwenye mwanga, kisha lala mapema usiku. Ukilala hadi jioni siku hiyo, usiku utakuwa macho na siku ya kusoma inayofuata imepotea. Kama unaendesha gari na kope zinashuka, simama mahali salama ulale dakika 20. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakusaidii.

Hatua ya sita: gawa kazi za chuo kwa hali ya akili

Kazi za chuo si za uzito mmoja, na hii ndiyo siri ya wanaomaliza. Zigawe mafungu matatu. Fungu zito ni kuandika, takwimu, kuelewa utaratibu mpya wa ugonjwa au dawa. Hilo ni la siku ya ofu, asubuhi, baada ya usingizi kamili, kwa vipande vya dakika 60 hadi 90. Fungu la kati ni kusoma makala, kuandaa slaidi, kujibu mijadala ya darasa. Hilo linawezekana siku ya zamu ya mchana, kwa saa moja baada ya kupumzika. Fungu jepesi ni kadi za maswali, kusikiliza kipindi kilichorekodiwa, kupanga marejeleo, kujibu barua pepe. Hilo linaingia hata katikati ya siku za usiku.

Kosa la kawaida ni kupeleka fungu zito kwenye siku ya kutoka usiku. Mtu anakaa saa nne mbele ya kompyuta, anatoa aya mbili ambazo kesho yake anazifuta.

Tazama wiki moja ya muuguzi mwenye usiku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, saa moja usiku hadi saa moja asubuhi, na kozi mbili, moja ikiwa na kipindi Jumamosi asubuhi.

Jumatatu anaamka saa mbili asubuhi, anasoma fungu la kati kuanzia saa nne hadi saa sita, analala saa nane hadi saa tisa na nusu alasiri, anaenda kazini. Jumanne na Jumatano analala saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, na baada ya kula anapitia kadi za maswali nusu saa, basi. Alhamisi anatoka kazini, analala hadi saa saba mchana, anafua, ananunua mahitaji, saa tatu usiku amelala; hakuna kitabu siku hiyo. Ijumaa ni siku ya fungu zito: anasoma kwa muda wa saa 3 asubuhi na saa 3 nyingine alasiri. Jumamosi kipindi cha saa 3, mapumziko, kisha saa 4 za kozi ya pili. Jumapili asubuhi ni ya familia na ibada, alasiri anasoma kwa muda wa saa 4. Jumla ni saa 20, na zaidi ya nusu yake zimeangukia siku mbili. Anayepanga kusoma saa 3 kila siku, siku zote saba, ana 21 kwenye karatasi, lakini siku za zamu za usiku hazimruhusu kuzifikia.

Unaposoma, jipime badala ya kurudia kusoma. Funga kitabu, andika unachokumbuka kuhusu, kwa mfano, namna dawa zinazozuia kimeng'enya cha ACE zinavyoshusha shinikizo la damu na kwa nini huleta kikohozi kikavu, kisha fungua uone ulichoacha. Rudia baada ya siku moja, siku tatu, wiki. Mapitio haya mafupi yanaingia vizuri kwenye rosta iliyokatikakatika, kwani hayadai meza wala ukimya.

Kusoma wakati wa zamu usikutegemee. Wodi ikiwa tulivu na kanuni zinaruhusu, kadi za maswali zinatosha. Kazi inayohitaji mawazo marefu ikifunguliwa kituo cha wauguzi, kengele ya mgonjwa inakuwa usumbufu, na hapo mpangilio wa mambo umegeuka vibaya.

Kuhusu kazi za vikundi, sema rosta yako siku ya kwanza, na uombe sehemu inayoweza kukamilika mapema: kutafuta makala, jedwali la ushahidi, rasimu ya utangulizi. Usiombe kuunganisha kazi yote usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho. Ndipo dharura ya wodi hutokea.

Hatua ya saba: mafunzo kwa vitendo

Muhula wenye mafunzo kwa vitendo uhesabiwe upya kabisa. Tuseme unadaiwa saa 200 katika wiki 15. Kwa wastani ni saa 13 na dakika kadhaa kwa wiki. Lakini mkufunzi wa kliniki akichelewa kupatikana kwa wiki tatu, zilezile 200 zinabanwa kwenye wiki 12 na kuwa karibu saa 17. Kwa hiyo panga tangu mwanzo kumaliza katika wiki 12, na wiki tatu za mwisho ziwe akiba.

Pata kwanza ratiba ya mkufunzi, ndipo uombe rosta yako. Ukifanya kinyume utazunguka kati ya watu wawili. Siku ya mafunzo isifuate zamu ya usiku, kwa sababu zilezile za usalama. Kwa kawaida saa za ajira hazihesabiwi kuwa saa za mafunzo, hata kama kazi inafanana, na kituo kikiwa wodi yako mwenyewe kuna hatari nyingine: wenzako watakuita kama mfanyakazi wakati uko pale kama mwanafunzi, na mipaka ya kazi unayoruhusiwa kufanya ni tofauti. Andika saa zako na upate sahihi siku hiyohiyo. Mkufunzi akihama au akienda likizo, saa 40 zisizo na sahihi ni shida kuzithibitisha. Miezi miwili kabla, kagua pia tarehe za chanjo, leseni na cheti cha huduma ya kwanza ya kuokoa maisha. Kimoja kikiisha katikati ya muhula, kituo kinakusimamisha.

Hatua ya nane: utafiti na tasnifu

Chagua swali linalotokana na tatizo la wodi yako, kama vidonda vya mgandamizo, makabidhiano yasiyokamilika, au wagonjwa kuanguka. Kwa njia hiyo usomaji wa chuo unakusaidia kazini, na msimamizi wako ana sababu ya kukupa nafasi. Kazi ndogo za kozi za mwanzo zielekeze kwenye mada hiyohiyo, ili ukifika kwenye tasnifu nusu ya makala uwe umeshazisoma. Zihifadhi tangu siku ya kwanza kwenye programu ya marejeleo kama Zotero, ambayo ni bure.

Angalia mambo mawili. Kibali cha maadili mara nyingi hutakiwa sehemu mbili, chuoni na hospitalini, na huchukua wiki nyingi, kwa hiyo kitume kabla ya muhula wa kukusanya data. Na usikusanye data ukiwa kwenye zamu, kutoka kwa mgonjwa unayemhudumia au mwuguzi unayemsimamia. Hawako huru kukukatalia. Mafaili ya wagonjwa usiyapige picha wala kuyatoa kwa ajili ya kazi ya chuo bila kibali.

Mambo yakianza kulegea

Dalili huja kabla ya kufeli. Umekosea au nusura ukosee dawa. Umefika nyumbani bila kukumbuka njia uliyopita. Umechelewesha kazi mbili mfululizo. Unalala chini ya saa 6 kwa wiki mbili. Unawafokea wagonjwa au watoto kwa mambo madogo. Ikitokea moja, punguza wiki hiyohiyo: ondoa saa za ziada, badilisha zamu moja, omba kuongezewa muda kwenye kazi moja. Kosa la dawa au la nusura liripotiwe kwa utaratibu wa hospitali, na useme wazi kuwa ulikuwa umechoka, maana bila hilo rosta haitarekebishwa.

Zikitokea mbili au zaidi kwa pamoja, acha kozi moja. Ndiyo maana tarehe ya mwisho ya kuacha bila kuandikiwa kufeli inapaswa kuwa kwenye kalenda yako kwa rangi nyekundu, na wiki moja kabla yake weka saa moja ya kujitathmini: alama ulizonazo, kazi zilizobaki, rosta ya wiki sita zijazo.

Kuahirisha muhula kuna utaratibu wake. Andika barua kwa mratibu wa programu kabla hujaacha kuhudhuria, ambatanisha ushahidi wa ugonjwa au wa mabadiliko ya kazi, na upate majibu ya maandishi juu ya mambo manne: muda wa juu wa kumaliza shahada utaendelea kuhesabiwa au utasimama, ada iliyolipwa itahamia muhula ujao au la, kozi ulizokwisha faulu zitabaki halali kwa miaka mingapi, na kituo chako cha mafunzo kitatunzwa. Mfadhili na mwajiri nao wajulishwe kwa maandishi wiki hiyohiyo, kwani mikataba mingi huhesabu kutosajiliwa kwa muhula mmoja kuwa ni kuacha masomo.